Gari la kulala linaota kuvu, nimepiga jiki mara tatu na inarudi. Paa linavuja au ni pumzi zetu?

#1 MukeneMkavu (Entebbe)

Wakuu, habari. Naingia moja kwa moja kwenye mada.

Mwaka jana nilinunua Coaster iliyokwisha kugeuzwa kuwa gari la kulala: kitanda nyuma, jiko la gesi la pleti mbili, sinki, kabati za plaiwudi huku na huku, na dari limevalishwa mbao nyembamba. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ilikuwa raha tupu. Mvua za Septemba zilipoingia, siku moja nafungua mlango nakutana na harufu ya gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Nikainua godoro. Plaiwudi chini yake ina madoa meusi, kama mtu amekaa anapiga muhuri kwa kidole, na tumbo la godoro limeota manyoya ya kijani.

Nikapiga jiki, nikafuta, pakawa peupe pee. Wiki mbili imerudi. Nikapiga tena, ikarudi. Mara ya tatu ilirudi na jeshi: viatu vya ngozi, mkanda wa darubini, mpaka kifuniko cha Biblia ya mke wangu.

Gari linalala nje, chini ya mfenesi. Tunalitumia wikendi mimi, mke na mtoto wa miaka sita, na wageni wakizidi nyumbani shemeji yangu analala humo. Mtoto ana pumu, ndiyo maana jambo hili limeacha kunichekesha.

Fundi wa kwanza kasema paa linavuja, anataka kulipaka lami lote. Wa pili kaapa halivuji hata tone, ni sisi tunapumua. Nimuamini nani?

#2 KijanaWaKisekka (Kampala)

Acheni kupumua, mkuu. Uzi ufungwe.

Nipo siti ya mbele, nasubiri mafundi waje.

#3 FundiWaNdeeba (Kampala)

Nimekuja. Hapo kuna maji yanaingia, nitakula kiapo. Nimefumua magari ya namna hii zaidi ya kumi, na karibu yote yalikuwa na tundu. Aliyegeuza basi kuwa nyumba lazima alitoboa paa: dirisha la juu, bomba la hewa, boliti za keria, waya wa sola. Kila tundu ni mlango wa maji.

Na usitafute tundu mahali ulipoona doa. Maji yakiingia mbele hutembea juu ya ubavu wa chuma, yanapita ndani ya dari, yanakwenda kudondoka mita mbili nyuma juu ya kitanda chako. Mteja mmoja alinibishia mwezi mzima kuwa dirisha la nyuma ndilo linalovuja. Tulipofungua, maji yalikuwa yanaingilia kwenye boliti moja ya keria pale juu ya dereva.

Lami usikubali. Italificha tundu, jua la mchana litaipasua, na fundi atakayekuja baada yake atakulaani. Hata silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, usiipeleke kwenye bati: inaamsha kutu, na ukishaipaka hakuna rangi wala gundi itakayoshika tena juu yake. Tumia gundi ya poliyurethani, ile ya kubandikia vioo vya mbele.

Jinsi ya kupima: mtu mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Anza chini, panda juu polepole, dakika kumi kila mahali. Ukianzia juu maji yatateremka kila upande, hutajua yameingilia wapi.

#4 TZ_Mutukula

Samahani kuingilia. Hiyo inayoota kwenye nguo na viatu sisi tunaiita koga. Ukungu ni ule wa mkate, na ule wa asubuhi barabarani. Kuvu ndilo jina la ukoo mzima. Mleta uzi kaweka vyote kwenye kapu moja.

#5 KijanaWaKisekka

@TZ_Mutukula huku Kampala tunasema obukuku na maisha yanaendelea. Rudi kwenye foleni ya mpakani.

#6 Kigezi_Baridi (Kabale)

FundiWaNdeeba nakuheshimu, lakini ukimpa mtu nyundo kila kitu kwake ni msumari. Gari langu halina dirisha la juu, halina keria, halina sola. Paa zima kama lilivyotoka kiwandani. Na kuvu ilinikaba.

Nilikuwa nalala kando ya Bunyonyi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku huko unavaa sweta mbili. Tulifunga kila kitu tusipigwe na baridi, watu wawili na mbwa. Asubuhi vioo vinatiririka, unaweza kukinga kikombe. Mwili wa mtu hutoa maji usiku kucha, kwa pumzi na ngozi. Watu wawili saa nane ni nusu lita au zaidi. Nusu lita hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kioo, bati, na chini ya godoro.

Halafu nikuulize MukeneMkavu, na ujibu kweli: mnapika nini humo ndani?

#7 MukeneMkavu

Mpishi ni mimi. Kama kawaida, matooke.

#8 Kigezi_Baridi

Ya kufunika kwa majani ya mgomba? Yanakaa jikoni kwa saa ngapi?

#9 MukeneMkavu

Saa mbili na nusu. Matooke mwenye heshima hapikwi kwa haraka.

#10 Kigezi_Baridi

Wakuu, kesi imekwisha. Mtu anavukisha matooke saa mbili na nusu ndani ya basi lililofungwa halafu anauliza unyevu unatoka wapi. Hilo ni bafu la mvuke lenye magurudumu.

Na si sufuria tu. Gesi yenyewe ikiungua inazaa maji: kila kilo ya gesi inatoa kilo moja na nusu ya mvuke na zaidi kidogo. Hata ukikaanga yai kavu, jiko linakunyeshea.

#11 Mwalimu_wa_Kiira (Jinja)

Kigezi_Baridi yuko sahihi kuhusu gesi, ni kama kilo 1.6 kwa kilo. Ila msiichukue hesabu ya Kabale mkaipeleka Entebbe. Bunyonyi kioo ni baridi kweli. Entebbe usiku mara nyingi ni nyuzi 17 au 18 hivi, na watu wanadhani hapo umande hauwezi kutokea ndani. Unaweza. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 20. Hiyo ni tofauti ya nyuzi nne tu.

Sasa bati. Usiku mbingu ikiwa wazi, bati la paa hutupa joto lake juu angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Waliokulia nyumba ya mabati isiyo na dari wanajua: unalala, mvua haijanyesha wiki nzima, alfajiri tone linakuangukia puani. Bati la Coaster ni hilo hilo. Kama nyuma ya zile mbao nyembamba za dari kuna nafasi tupu, hewa ya ndani inapenya kwenye viungo, inaligusa bati, inageuka maji, na wewe huoni kitu. Unaona kuvu tu.

Na kuvu haihitaji tone. Unyevu wa asilimia 80 kwenye uso wa mbao kwa siku kadhaa unaitosha kabisa. Chakula inacho: vumbi, gundi ya plaiwudi, jasho la godoro.

#12 MtembeziKidepo

Mwalimu, gari liko chini ya mfenesi. Mti umeziba mbingu. Bati litatupaje joto angani?

#13 Mwalimu_wa_Kiira

Umenishika. Chini ya mti mzito bati halipoi hivyo. Hapo nguvu ya hoja yangu inapungua. Haifi, ila inapungua.

#14 FundiWaNdeeba

Inakufa. Na mti unarudisha hoja kwangu: majani ya mfenesi yanaziba mfereji wa pembeni mwa paa, maji yanasimama, yanapanda juu ya raba ya dirisha, yanaingia. Mkuu panda juu ya gari kesho uniambie umekuta nini kwenye ule mfereji. Na jihadhari fenesi lisikuangukie.

#15 DerevaMalaba

Nyie nyote mmesahau AC. Mimi ni mtu wa barabara, Mombasa–Kampala, mabasi nimeendesha kabla ya trela. Kama hiyo Coaster ina AC ya darini, kuna kimrija kinachotoa maji nje. Yale maji mnayoyaona yanadondoka chini ya gari kwenye foleni ndiyo hayo. Kimrija kikizibwa na vumbi au kiota cha nyigu, maji yanafurika ndani ya dari. Abiria mmoja alinipigia kelele kutoka Eldoret hadi Bungoma kwamba nimempa siti chini ya bomba la mvua. Kilichokuwa kimeziba ni nyigu.

Chomoa mrija, pulizia upepo wa kompresa, umemaliza. Hutadaiwa hata elfu ishirini.

#16 MukeneMkavu

@DerevaMalaba AC ipo lakini haifanyi kazi tangu ninunue. Siiwashi.

@FundiWaNdeeba nimepanda. Mfereji ulijaa majani yaliyooza, na humo mlikuwa na mche wa fenesi wenye majani manne. Sitanii. Nimeuhamishia kwenye kopo.

#17 KijanaWaKisekka

Gari lenye shamba la kuvu ndani na shamba la mafenesi juu. Mkuu andikisha ushirika upate mkopo.

#18 MamaWaSsese (Kalangala)

Ndugu zangu, mimi nina vyumba vya wageni na mahali pa mahema kisiwani, na ziwa liko pande zote. Kuvu ni jirani yangu wa kila siku, nitasema ninachokijua kwa mikono.

Jiki kwenye vigae na plastiki, sawa. Kwenye mbao inakudanganya. Klorini inabaki juu inakausha rangi ya kuvu, unaona peupe unafurahi, na yale maji yaliyoichanganya yanazama ndani ya mbao na kuinywesha mizizi. Ndiyo maana mleta uzi anahesabu wiki mbili, wiki mbili.

Ninavyofanya: toa kila kitu juani. Godoro lisimamishwe wima, ubavu huu asubuhi na ubavu ule mchana. Vaa barakoa na glavu, futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, usipige brashi kavu maana utazirusha mbegu gari zima. Halafu siki nyeupe bila kuichanganya na maji, iache saa moja, futa, kausha. Plaiwudi iliyoanza kuachana tabaka usihangaike nayo, ng'oa. Godoro lenye kuvu hadi ndani na mtoto ana pumu? Litupe, mwanangu, usilionee huruma.

Na nasema kwa herufi kubwa: JIKI NA SIKI VISIKUTANE. Hata kwenye ndoo moja kwa bahati mbaya. Vinatoa gesi ya klorini, utatoka humo unatapika.

Kitanda chako kimekaa juu ya plaiwudi tupu, sivyo? Godoro likilala juu ya ubao usio na tundu, joto la mwili linasukuma jasho chini, linakuta ubao wa baridi, linakaa hapo. Weka fito zenye nafasi katikati, au toboa matundu makubwa kwenye huo ubao. Hapo tu nusu ya shida yangu iliondoka.

#19 Bibi_Bombo

Mama wa Ssese ahsante. Mimi nilijaribu mkeka wa mafunjo chini ya godoro ili hewa ipite. Baada ya mwezi mkeka wenyewe ukaota. Kwa hiyo fito, si mkeka.

Kwa harufu, sisi tunafukiza ubani na udi kwenye kabati. Na kikapu cha mkaa kila pembe. Wanangu wanacheka lakini nguo zangu hazinuki.

#20 AskariMstaafu

Mimi nilitumikia jeshi miaka mingi, hema ndiyo nyumba niliyoijua kuliko nyumba. Sheria ilikuwa moja: turubai halikunjwi likiwa na maji. Ukilikunja limelowa leo, kesho kutwa ukilifungua limeota madoa, na afande atakutoa jasho. Siku mbili tu zinatosha. Sasa huyu bwana anafunga gari lake Jumapili jioni baada ya kupika na kulala watu watatu, analifungua Ijumaa. Hiyo ni kulikunja hema limelowa. Hakuna fundi wala sayansi hapo.

Tulikuwa tunakausha kwa moto. Aweke sigiri ndani saa moja, afunge mlango, unyevu wote utakimbia.

#21 MamaWaSsese

Afande, kwa heshima yote, HAPANA. Sigiri ndani ya gari lililofungwa inaua. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, mtu analala haamki. Mleta uzi usithubutu, hata kama hamumo ndani, maana kuna siku shemeji ataingia bila kujua.

#22 AskariMstaafu

Nimepokea. Tulikuwa tunaacha hema wazi. Nafuta hiyo ya mlango.

#23 Mwalimu_wa_Kiira

Bibi, mkaa unashika harufu vizuri, hapo hukukosea. Unyevu unashika kidogo sana, kikapu kimoja hakiwezi kushindana na pumzi ya mtu mmoja. Ubani unaifunika harufu na kuvu inabaki pale pale, ikinukia vizuri.

Kabla mtu hajasema chokaa: iliyo mbichi, isiyozimwa, inanyonya maji kweli, ila inapata moto na kuunguza ngozi. Ile ya kupaka ukuta imekwisha kunywa maji yake, haina kiu tena. Kinachonyonya vizuri ni chumvi ya kalsiamu kloraidi, zile kopo za kuning'iniza kabatini. Inageuka maji kabisa, na maji hayo yakimwagika kwenye chuma yanakula chuma, kwa hiyo ndoo ikae imara gari likitembea.

#24 KijanaWaKisekka

Na waragi? Nimesikia spiriti inaua kuvu.

#25 Mwalimu_wa_Kiira

Spiriti ya asilimia 70 inafanya kazi juu juu. Waragi ni asilimia 40 hivi, utailewesha tu.

#26 AskariMstaafu

Hasara ya waragi.

#27 MtembeziKidepo (Moroto)

Ushahidi wangu. Nina kigari cha kulala, Super Custom, nilikitengeneza mwenyewe. Kilikuwa kinaota kuvu Kampala. Nikakipeleka Karamoja mwezi wa Desemba, huko kiangazi hakina mzaha, nikakaa wiki tano. Sikufanya chochote: sikufuta, sikunyunyiza. Harufu ikaondoka, madoa yakakauka yakawa vumbi. Nikarudi nikaegesha Entebbe kwa rafiki yangu, siku nne nyingi, imerudi mahali pale pale.

Kwa hiyo mimi nasema si paa, si matooke, si AC. Ni ziwa. Suluhisho ni kuhama.

#28 Kigezi_Baridi

Mkuu huo ni ushahidi kwamba mbegu hazikufa, zililala tu. Ungefuta kabla ya kurudi ungejua.

Hata hivyo jibu ni lile lile la kila mwenye gari la kulala Ulaya: fungua madirisha, pasha joto. Hewa ipite juu na chini. Wao wana baridi na mvua kuliko sisi na wanaishi humo mwaka mzima.

#29 Mwalimu_wa_Kiira

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Ushauri wa Ulaya unafanya kazi Ulaya. Hewa ya nyuzi 5 hata ikiwa imeshiba haibebi zaidi ya gramu 7 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani ukaipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 40. Ni hewa kavu, inakula unyevu wako bure. Hewa ya usiku wa Entebbe, nyuzi 18 na karibu imeshiba, tayari ina gramu 14 au 15. Ukifungua dirisha usiku na gari halina mtu, unakaribisha mgeni mwenye nguo zilizolowa.

Mchana ni habari nyingine. Saa saba jua likiwaka, hewa ina nafasi. Fungua kila kitu saa nne hadi saa kumi, funga kabla jua halijazama. Ukiwa unalala ndani acha wazi kidogo juu, kwa sababu pumzi zenu ni mbaya kuliko hewa ya nje, na jiko likiwaka dirisha liwe wazi kwa usalama. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kile cha betri. Ndani kikisoma chini ya 60 kwa muda mwingi, kuvu haitakusumbua.

#30 MamaWaSsese

Mwalimu nakubali ya mchana, nakataa ya usiku. Vyumba vyangu vyenye matundu ya hewa wazi usiku na mchana vina kuvu kidogo kuliko vile vinavyofungwa jioni. Miaka tisa naona hivyo. Hewa inayotembea haiachi kuvu itulie.

#31 Mwalimu_wa_Kiira

Vyumba vyako ni vya matofali, mama. Tofali lina joto la mchana hadi usiku wa manane. Bati halina.

#32 MamaWaSsese

Na viwili kati yake ni vya mbao na mabati, mwalimu.

#33 Mwalimu_wa_Kiira

Basi sina jibu leo.

#34 UnajuaMimiNani

Jamani mnacheza, kuvu nyeusi ni sumu ya kuua. Ndiyo hiyo inayoleta kansa ya ini. Gari lichomwe moto.

#35 MkulimaMasindi

@UnajuaMimiNani umechanganya mambo. Unayoisema ni sumukuvu, aflatoksini, na unaila: mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Ndiyo maana sisi tunakausha mahindi hadi asilimia 13.5 kabla ya kufunga gunia. Doa la ukutani hulirambi. Na rangi haikwambii ni kuvu gani, kuna nyeusi zisizo na makuu na kuna za kijani zenye visa.

Kwa mtoto wa pumu bado ni mbaya, yoyote ile, kwa sababu anavuta mbegu zake. Asilale humo mpaka liishe.

Mleta uzi, husafirishi karanga humo kwa bahati mbaya?

#36 MukeneMkavu

Gunia moja tu, la mama mkwe, chini ya kitanda. Limekaa tangu Oktoba.

#37 MkulimaMasindi

Litoe leo. Karanga zilizokaa karibu na hiyo kuvu asile mtu, asile kuku. Kumenya na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

#38 KijanaWaKisekka

Sasa anamwambiaje mama mkwe?

#39 TZ_Mutukula

Amwambie zimeota koga. Atumie neno sahihi.

#40 FundiWaNdeeba

Tuache maneno, tupime. Mkuu kata vipande vinne vya nailoni nzito, ukubwa wa sahani. Bandika kwa tepu pande zote nne, usibakize upenyo: kimoja darini juu ya kitanda, kimoja ukutani karibu na jiko, kimoja upande wa pili, kimoja sakafuni. Siku mbili, gari likiwa limefungwa. Maji yakiwa uso wa nje wa nailoni, upande wa chumba, Kigezi kashinda. Yakiwa nyuma yake, upande wa mbao, maji yamo ndani ya mwili wa gari, nimeshinda mimi. Leta majibu.

#41 MukeneMkavu

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kwa mama mkwe (ilikwenda vibaya).

Majibu baada ya siku mbili, na usiku mmoja mvua ilinyesha:

Darini juu ya kitanda, pande zote mbili za nailoni zimelowa. Zote. Nimepangusa mbele kwa kidole, nimebandua, nyuma nako kunateleza. Karibu na jiko, kavu kabisa. Upande wa pili, umande kidogo mbele. Sakafuni, nyuma tu.

Na gari halikupikiwa wala kulaliwa siku hizo mbili.

#42 Kigezi_Baridi

Mbele kumelowa. Nilisema.

#43 FundiWaNdeeba

Nyuma kumelowa! Na hajapika wala kulala mtu. Hiyo ya mbele imetoka ndani ya mbao, inapumua. Bandua ubao mmoja wa dari uone.

#44 DerevaMalaba

Na sakafuni je? Mbona hakuna anayesema sakafuni? Raba za matundu ya sakafu na walinzi wa matairi ya nyuma, maji yanarushwa kutoka chini. Ongezeni hilo.

#45 MukeneMkavu

Nimebandua ubao mmoja upande wa kulia na mmoja wa kushoto, juu ya kitanda.

Kulia: aliyetengeneza alijaza vipande vya sponji la godoro, vya rangi rangi, vile vya kujazia mito. Nimekamua kimoja kwa kiganja, maji ya rangi ya chai yametiririka hadi kwenye kiwiko. Bati nyuma yake lina kutu yenye umbo la ramani. Boliti ya keria ipo karibu hapo, na imelegea.

FundiWaNdeeba usishangilie kwanza. Kushoto: hakuna sponji, hakuna boliti, bati ni safi linang'aa, mkono wangu umetoka mkavu. Lakini ubao wa kushoto una kuvu nyingi kuliko wa kulia.

#46 FundiWaNdeeba

Nyingi kuliko kulia?

#47 MukeneMkavu

Mara mbili yake.

#48 Kigezi_Baridi

Jiko liko upande wa kushoto?

#49 MukeneMkavu

Kulia. Kushoto ndiko shemeji anakoweka kichwa.

#50 KijanaWaKisekka

Nilisema tangu #2.